Kofia ya Turubai Niliyomvua Kaka Yako

Koboko, jioni

Mwanangu Hawa,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Uko upande wa pili wa ukuta huu, nakusikia unacheka na mama yako juu ya sanduku lisilotaka kufunga, naye anakuambia ulikalie. Kwa hiyo hali yako naijua, na yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Nimeandika herufi kubwa usije ukabandika pua kwenye karatasi kama unavyofanya na vitabu vyako. Ukikuta nimekosea, nisamehe tu. Shule yangu mimi ilikuwa kambi ya jeshi, na nilichofundishwa kuandika ni ripoti ya zamu: nani alikuwa langoni, nani alichelewa, nini kilipotea.

Hii nayo ni ripoti. Imechelewa miaka kumi na mitano.

Mambo ya ndoo, sabuni, godoro, na nani atakupokea kwa shangazi yako kule Ediofe, Arua, utakakolala ukingoja basi, hayo mama yako ameyasema mpaka wewe mwenyewe umechoka. Sitaongeza. Wala sitakuambia usome kwa bidii. Mtoto aliyefika chuo cha ualimu kutoka hapa Koboko kwa macho kama yako, bila kuona ubao, akinakili daftari la jirani yake mwaka hadi mwaka, hana la kufundishwa na mimi juu ya bidii. Nataka kukueleza habari za kaka yako Khemisi. Unafikiri unazijua, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na mmoja tulipomzika. Kidonda ulikiona. Kilikotoka hukujui, maana hakuna aliyekuambia, na aliyepaswa kukuambia ni mimi.

Tulipokimbia mwaka wa sabini na tisa wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, na Khemisi alikuwa na miaka tisa. Nyinyi wawili mlizaliwa na ngozi moja nyeupe, yeye wa kwanza na wewe wa mwisho, na katikati tulizika wawili weusi kama mimi, kwa surua. Nilikuwa sajini. Nasema nilikuwa, maana siku tuliyovuka kwenda Sudan nilifukia sare yangu kwenye shamba la muhogo la mtu nisiyemjua, nikavuka na suruali ya raia iliyonibana. Wanaume wengi wa Koboko walivuka hivyo hivyo. Unamwona mtu, unajua juzi alikuwa anapigiwa saluti, leo ameshika sufuria. Tulikuwa hatutazamani usoni.

Kambini chakula kiligawiwa kwa foleni. Kila nyumba na kadi yake, na mwenye kadi anasimama tangu asubuhi mpaka jua linapita utosini, hakuna mti wala kivuli, kwa sababu uwanja wenyewe ulikuwa umefyekwa ili malori yapite. Sasa sisi wanajeshi wa zamani tulikuwa na sheria yetu ambayo hakuna aliyeiandika: mwanamume hasimami foleni ya unga. Wake wasimame, watoto wasimame. Sisi tulikaa nyuma ya mahema tukipigana upya vita ambavyo tumeshashindwa. Ilikuwa aibu, lakini tulikuwa tumeiita heshima.

Siku ya kwanza ya mgao mama yako alikuwa na homa, na wewe ulikuwa unanyonya. Nikampa Khemisi kadi. Mama yako, homa na yote, alimwita akamvalisha kofia aliyomshonea kwa kipande cha turubai la hema lililochanika, ukingo wake mpana mpaka mabegani. Mama yako hakusoma, lakini alijua kitu ambacho mimi sajini sikukijua. Alikuwa anamwona mwanawe anavyogeuka mwekundu, basi, akashona.

Nilitegemea arudi jioni. Alirudi kabla ya adhuhuri, nyuma yake mtu amembebea mzigo. Unga tuliostahili ulikuwepo, na juu yake kopo la mafuta, maziwa ya unga, na samaki wakavu wamefungwa kwenye gunia. Nikamuuliza ameiba wapi. Akasema kofia ilianguka watu waliposukumana, na wale wazungu wa chakula wakamwona. Wakamshangaa, wakamwonea huruma, wakamtoa nyuma kabisa wakampeleka mbele. Watoto wa kambi wakaanza siku hiyo hiyo kumwita Khawaja, yaani mzungu.

Mama yako alimshukuru Mungu. Mimi nilifikiri. Hawa, jeshini niliambiwa mara nyingi kwamba mimi ni mzito wa kuelewa. Siku ile nilielewa haraka sana.

Mgao uliofuata nilimsindikiza mpaka ukingo wa uwanja, mahali ambapo wanaume wenzangu wasingeniona. Kofia ilikuwa kichwani mwake. Nikamwambia, "Toa kofia. Wakuone."

Akaniambia, "Baba, jua iko nachoma mimi."

"Jua inakomaza mutu," nikamwambia. "Sisi tukiwa kuruti tulisimama hivi hivi."

Akaitoa yeye mwenyewe, akanipa. Hakulia wala hakununa. Nikaikunja nikaiweka kwapani, nikarudi kukaa na wenzangu. Mama yako alipouliza kofia, nilisema imepotea foleni. Haikupotea. Niliitia ndani ya sanduku langu la bati, chini ya karatasi zangu za jeshi, na iko huko mpaka leo. Yaani ilikuwa humo mpaka leo, kwa sababu nimeitoa, iko hapa mezani wakati naandika.

Ningekuwa nimefanya mara moja tu, ningesema shida ilinisukuma. Sikufanya mara moja. Tulikaa Sudan miaka sita, na kila mgao Khemisi alisimama kichwa wazi. Kisha wenzangu wakaja. Yule aliyekuwa koplo wangu aliniambia kwa adabu zote, "Afande, tuazime huyo Khawaja yako, wetu hawaonekani." Nami nikamwazima. Niliazima mtoto, mwanangu, akasimama na kadi za nyumba nyingine siku ambazo si zetu, na mimi nikapata tena jina kambini, mzee ambaye mtoto wake anafungua njia. Nilirudi kuitwa afande. Nilikuwa nimekosa neno hilo kuliko nilivyokosa nyama.

Na mlikula. Hili nalo lazima niliseme, kwa sababu ndilo lililonilaza usingizi miaka yote ile. Wewe hukukosa maziwa hata wiki moja. Watoto wa jirani walivimba matumbo, nywele zikageuka rangi, wewe ukatambaa, ukatembea, ukanenepa. Wewe ulikuwa ndani ya hema na ngozi yako nzima, yeye alikuwa nje analeta maziwa yako. Nami nilijiambia kwamba mtoto anayekula mafuta na samaki, ngozi yake inapata nguvu. Jeshini tulikuwa tukisema askari aliyeshiba jua halimwangushi. Jioni mama yako alimpaka mafuta ya simsim mabegani na masikioni, mahali palipobambuka, nami nikamwongezea kipande cha samaki. Niliamini nimemlipa. Lo! Baba mzima.

Tuliporudi Koboko alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mcheshi, ana mabaka usoni na mikononi kama mtu aliyerushiwa tope. Alilima muhogo na mtama kichwa wazi. Mama yako alimshonea kofia nyingine, akaitundika mlangoni, ikakaa pale ikaliwa na mende. Alikuwa hataki kofia. Nilikuwa nimemfundisha miaka sita kwamba mwenye kofia haonekani, na asiyeonekana hali.

Kidonda kilianza pembeni ya jicho, karibu na sikio la kushoto. Kilikuwa kidogo, kigaga tu. Kikaanguka, kikatoa damu, kikarudi. Akaniletea akasema, "Baba, hii kitu haiponi." Nikamwambia ni chunusi, ale vizuri. Mama yako akaanza kutafuta maini na mayai, akapika mboga za majani kila siku. Mwezi ukapita, na mwingine. Kidonda kikala kipande cha sikio.

Hapo wakaja washauri. Kila nyumba yenye mgonjwa huwa na washauri. Mmoja akasema karanga zinalisha kidonda. Mwingine akasema samaki, mwingine akasema chumvi, kwamba watu wa ngozi hii wakila chumvi damu yao inachemka. Mimi niliyemvua kofia ili ale, nikaanza kumnyima chakula ili apone. Niliamuru, na unajua ninavyoamuru. Kaka yako alikula ugali wa muhogo na majani yasiyo na chumvi tangu mavuno mpaka mvua, na mwili ukaisha. Utakumbuka wewe mwenyewe, ulikuwa unaiba karanga za kumpa ukizificha kwenye kiganja. Nilikukamata nikakuchapa. Fimbo ile naikumbuka, na nakuomba radhi.

Wageni wakija nilimwambia ajifunge kitambaa. Mficha maradhi kilio humfichua, methali hiyo naijua tangu utoto, na bado nilinunua kitambaa kizuri chenye maua ili kidonda kisionekane. Mtu ambaye nilimwanika aonekane, sasa nilimfunika asionekane. Kote kuwili nilikosea.

Tulipofika hospitali Arua kidonda kilikuwa kimeshuka shingoni, na shingo ina uvimbe mgumu. Alikuwepo muuguzi mmoja mama mzee, Mlugbara wa huko Ayivu, mikono mikubwa ya mtu anayelima. Alimwosha kaka yako bila kugeuza uso. Akampima uzito, akauliza anakula nini. Nilipomwambia, aliacha kazi akanitazama.

"Nani alisema musimupe karanga?"

Nikasema wazee walishauri.

"Chakula inajenga mutu, mzee," akaniambia. "Hata kama tungemukata hii kitu mapema, angehitaji chakula ndiyo nyama irudi. Lakini hii ni kidonda ya jua, na chakula haiwezi kuwa kofia. Huyu kijana hakuwa na kofia?"

Nikajibu, "Alikuwa nayo."

Khemisi alikuwa amekaa kitandani, kidevu juu, anafungwa bendeji. Jicho lake moja lilikuwa linaona, akalielekeza kwangu. Alikuwa anaweza kusema. Aliyekuwa anauliza ni mtu mwema na mlango ulikuwa wazi. Alinificha, mwanangu. Nimewahi kuona wanaume wakiwaficha wakubwa wao mbele ya mahakama ya jeshi kwa hofu, lakini yule hakuniogopa, alinihurumia. Tangu siku ile sijapona mimi.

Wiki ya mwisho, hapa nyumbani, aliniita. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. Aliniambia, "Kofia ile iko kwa sanduku yako. Niliiona zamani. Mupe Hawa." Basi alijua miaka yote kwamba haikupotea, na hakuwahi kumwambia mama yako.

Sikukupa. Miaka sita sasa sijakupa. Kukupa kofia kulidai nikueleze nilivyoipata, na mimi nilikuwa naogopa binti wa miaka kumi na mmoja. Watu walipoanza kunong'ona msibani kwamba kaka yako alirogwa na yule mama jirani yetu wa kambini, ambaye siku zote alisimama nyuma ya Khemisi na kurudi mikono mitupu, nilisikia nikanyamaza. Alikuja kuzika, maskini, hakupewa hata mkeka wa kukalia. Nilimwona amesimama. Uongo ule ulinifaa, nikauacha ukae. Mwaka jana nilikwenda kwake nikamweleza ukweli wote, na alichonijibu ni kwamba alijua, maana alikuwa nyuma ya mtoto kwenye foleni, na mara nyingi alimfunika kichwa kwa kanga yake mpaka wakikaribia mbele. Mwanamke niliyemwacha asingiziwe uchawi ndiye aliyempa mwanangu kivuli.

Sasa nafika kwenye sababu ya kuandika leo.

Juzi uliponimiminia chai, uliinama, na mwanga wa mlangoni ukakuangukia. Nikaona mdomo wako wa chini, upande wa kulia. Kuna kigaga. Nilikiona pia kabla ya mwezi kuandama, nikakiona tena ulipotoka kupanga matofali na wenzako. Nikauliza, ukasema umejiuma. Mama yako akasema ule mayai. Nikafungua mdomo wangu, Hawa, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa "itapona." Lilikuja lenyewe, tayari limevaa viatu. Nikalimeza pamoja na chai.

Huenda umejiuma kweli. Lakini mtu akijiuma hupona na kusahau ni upande gani. Hicho kimeanguka kikarudi, na jana asubuhi niliona tone la damu kwenye ushungi wako. Ushungi unafunika nywele, mama, haufuniki mdomo. Nilikuwa nikiuona kichwani kwako nikajidanganya kwamba umefunikwa.

Najua unalowaza: chuo kinafungua, basi linaondoka Arua keshokutwa alfajiri, ukichelewa wataanza bila wewe. Unajua pia kwamba wapo waliosema mtu wa macho na ngozi yako hawezi kuwa mwalimu, na hutaki kufika ukiwa umechelewa na bendeji mdomoni. Nakuelewa. Lakini chuo hakihami. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu wako wa zamani akaniandikia barua ya kukuombea siku chache, iko ndani ya bahasha hii. Wakisema hospitalini kwamba si kitu, utapanda basi lako na kunicheka mpaka Pakwach. Wakisema wakate, wakate sasa, kikiwa punje ya mtama. Cha kaka yako pia kilikuwa punje ya mtama.

Huko uendako watakuwepo watu kama mimi. Sio wabaya. Atakuwepo mwalimu wa gwaride atakayesema kofia ni utovu wa nidhamu, wimbo wa taifa unaimbwa kichwa wazi. Atakuwepo mwenzako atakayesema mikono mirefu ni ushamba. Sikuambii ugombane nao. Nakuambia tu ukumbuke kwamba aliyemvua kaka yako kofia alikuwa mtu aliyempenda, alikuwa na sababu nzuri, na alimrudisha nyumbani amebeba chakula. Mtu akikuomba uvue, muulize kwa adabu kama ataweza kukuazima ngozi yake. Na ule, mwanangu. Kula karanga zako, chumvi yako, samaki wako, mboga na embe, kula bila kuogopa mshauri yeyote, ila usikubali sahani ichukue nafasi ya kivuli.

Kofia nimeiweka juu ya barua. Mama yako nilimweleza yote leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuaga. Aliichukua, akaigeuza ndani, akatazama mishono yake mwenyewe, kisha akatafuta sindano akaukaza ukingo ulioachia. Alinirudishia bila kunitazama. Mimi na yeye tuna mazungumzo marefu mbele yetu na sistahili yawe mepesi.

Kesho ukiamka hutanikuta. Lori la muhogo linaondoka kabla ya adhana na dereva amenikubalia nikae juu ya magunia. Hospitali ya Arua watu huanza kujipanga mapema, na daktari anaona wachache tu, wanaochelewa hurudishwa. Kwa hiyo natangulia kukushikia nafasi. Wewe njoo na gari la saa tatu, pole pole, umekula.

Nina miaka hamsini na minane na sijawahi kusimama foleni ya kitu chochote kwa ajili ya mtoto wangu. Nitakuwa pale uwanjani na kadi yenye jina lako. Najua jua la saa nne pale halina huruma, acha linipige. Usipite nyuma kwa kuona aibu, tafuta mzee mwenye kichwa wazi aliye mbele, ni mimi.

Njoo umevaa kofia. Sitakuambia uitoe.

Baba yako